Moshi Uliobaki Ndani: Mabomba ya Hewa Baada ya Moto

Tarehe 30 Desemba 2021, upepo uliovuma kwa kasi ya zaidi ya kilomita 160 kwa saa uliubeba moto wa nyasi hadi kwenye mitaa ya Louisville na Superior, miji miwili midogo karibu na Boulder, jimbo la Colorado nchini Marekani. Nyumba 1,084 ziliteketea. Kesho yake ikaanguka theluji. Picha zilizosambaa zilikuwa za misingi mitupu na dohani zilizobaki wima peke yake. Lakini kulikuwa na kundi jingine la waathirika, na hilo ndilo linalonishughulisha hapa: watu waliorudi wakakuta nyumba imesimama, vioo vizima, kitanda kimetandikwa kama walivyokiacha, ila kuna majivu kwenye kingo za madirisha na harufu ya plastiki iliyoungua katika kila chumba. Kulalamika mbele ya jirani aliyepoteza kila kitu si rahisi. Hata hivyo, nyumba yenyewe haikaliki.

Mtu wa namna hiyo, mara nyingi wazo lake la kwanza ni kuita kampuni ya kusafisha mabomba ya hewa. Harufu inasikika pale hewa inapotokea, basi chanzo lazima kiwe humo. Matangazo ya biashara yanaisukuma fikra hiyo kwa bidii, na kampuni ya bima nayo huiona ni njia ya kufunga faili haraka. Mimi naona mabomba yana sehemu yake katika tatizo hili, ila si ile yanayopewa na wengi, na kwamba fedha nyingi zinamwagwa kwenye bati huku moshi umekaa kwenye pazia, godoro na rangi ya ukutani.

Tuanze na jinsi nyumba hizo zinavyovuta pumzi. Nyumba ya kawaida ya Kimarekani haitegemei madirisha. Stoo au chini ya nyumba kuna tanuru la gesi lenye feni kubwa. Feni huvuta hewa ya vyumba vyote kupitia tundu moja au mawili mapana yenye wavu, huipitisha kwenye chujio, kisha kwenye tanuru wakati wa baridi au kwenye koili ya ubaridi wakati wa joto, na kuirudisha vyumbani kwa mabomba yaliyofichwa darini, ukutani au chini ya sakafu. Mfumo wenye nguvu ya ubaridi ya tani 3, ambao ni wa kawaida kwa familia moja, husukuma takriban mita za ujazo 34 kwa dakika. Nyumba ya mita za mraba 120 ina hewa ya mita za ujazo 300 hivi. Kwa hiyo feni ikiwaka, hewa yote ya nyumba inapita mle kila baada ya dakika tisa.

Moto wa jikoni ukitokea huku feni inazunguka, moshi wa jikoni unakuwa wa nyumba nzima kabla gari la zimamoto halijakata kona. Ndiyo sababu agizo la kwanza la kila mtaalamu ni kuzima mfumo na kutouwasha tena hadi ukaguliwe. Ni agizo linalovunjwa kila siku, kwa nia njema kabisa: mwenye nyumba anarudi, anasikia harufu, anawasha feni ili itoke. Feni haitoi kitu nje. Inachofanya ni kuyaokota majivu yaliyotulia kwenye wavu na kuyasambaza hadi chumba cha watoto.

Moshi wenyewe una sehemu mbili zinazosafiri pamoja na kutua tofauti. Ya kwanza ni chembe. Nyingi zina upana usiofikia mikromita 1, yaani sehemu ya elfu moja ya milimita, kwa hiyo huelea kwa saa nyingi na kupenya mahali ambapo vumbi la kawaida halifiki. Chembe hizi hukimbilia pa baridi. Ukitazama dari ya jipsamu baada ya moto utaona vidoa vyeusi vilivyojipanga kwa mstari: ni vichwa vya misumari, ambavyo hupoa kuliko ubao unaovizunguka, na masizi yamevichagua. Koili ya ubaridi, ambayo ikifanya kazi huwa baridi sana na yenye majimaji juu yake, inapokea masizi kwa kanuni ileile.

Aina ya masizi hutegemea kilichoungua. Mbao na karatasi zilizowaka vizuri huacha unga mkavu unaofutika. Moto uliofuka polepole kwenye sofa na mpira huacha utando wa mafuta ambao ukiusugua kwa kitambaa unaenea zaidi. Nyama iliyosahauliwa jikoni ni mjanja kuliko zote: haiachi weusi wowote, bali utando mwembamba wa manjano usioonekana kirahisi, unaonata kila mahali na kunuka kwa wiki kadhaa. Plastiki ya PVC, ile ya mabomba ya maji na magamba ya nyaya za umeme, ikiungua hutoa kloridi ya hidrojeni, ambayo ikikutana na unyevu inakuwa asidi. Asidi hiyo hula mabati, kopa ya koili na bodi za elektroniki za tanuru. Mtu anayesubiri miezi mitatu bima iamue anaweza kukuta kilichokuwa cha kusafishwa kimekuwa cha kubadilishwa.

Sehemu ya pili ya moshi ni gesi, mamia ya kemikali ambazo hujipenyeza ndani ya rangi, jipsamu, zulia, nguo na mbao. Hapa ndipo utafiti wa miaka ya karibuni umebadilisha mjadala.

Siku kumi baada ya moto wa Colorado, watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder waliweka vyombo vya kupimia ndani ya nyumba moja iliyonusurika huko Superior na kuendelea kupima kwa wiki kadhaa. Mwanzoni viwango vya kemikali za moshi ndani ya nyumba vilikuwa juu kuliko vya nje. Walipofungua madirisha vilishuka; walipoyafunga vilipanda tena. Kama moshi ungekuwa hewani tu, kufungua dirisha mara moja kungetosha. Ni dhahiri kulikuwa na akiba iliyohifadhiwa kwenye kuta na vitu, ikiachia kidogo kidogo. Ilichukua kama wiki tano viwango kurudi vya kawaida. Utafiti huo pamoja na mwingine wa afya, zilizowahusisha Joost de Gouw upande wa kemia na Colleen Reid upande wa afya, zilichapishwa mwishoni mwa 2024. Upande wa afya haukuwa mwepesi: miezi sita baada ya moto, zaidi ya nusu ya waliohojiwa kutoka nyumba zilizosimama walisema wamepata angalau dalili moja waliyoihusisha na hewa ya nyumbani, zikiwemo macho kuwasha, kichwa kuuma na kikohozi kikavu.

Jaribio la pili lilifanywa kwa makusudi. Mwaka 2022, huko Gaithersburg, Maryland, wanakemia kutoka vyuo mbalimbali, akiwemo Delphine Farmer wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, walipewa nyumba ya majaribio ya taasisi ya serikali ya viwango, NIST. Ni nyumba kamili, yenye jiko, vyumba vya kulala na mfumo wa hewa. Waliijaza moshi wa mbao za msonobari, wakajaribu njia za kuusafisha. Vifaa vya kuchuja hewa vilishusha kemikali vikiwa vinawaka, vilipozimwa, zikarudi. Kilicholeta mabadiliko yaliyodumu ni kazi ambayo mama yeyote wa nyumbani angekutajia bila kupima: kufyonza vumbi, kufuta kwa kitambaa kibichi, kupiga deki kwa sabuni. Matokeo hayo yalitoka katika jarida la Science Advances, Oktoba 2023.

Basi mabomba ya hewa yakae wapi katika picha hiyo? Nimejaribu hesabu ya haraka. Ile nyumba ya mita za mraba 120 ina sakafu 120, dari 120, kuta za nje zenye upande wa ndani kama 110, na kuta za kugawa vyumba, pande zote mbili, kama 200. Jumla inapita mita za mraba 500 kabla hujahesabu pazia moja. Mabomba yenye kipenyo cha sentimita 20 na urefu wa jumla wa mita 40 yana uso wa ndani wa mita za mraba 25 tu. Kama ni akiba ya moshi, kilichomo ndani ya mabomba ya bati ni kidogo mno kikilinganishwa na nyumba.

Lakini hewa yote inapita mle kila dakika tisa, na hilo ndilo linaloyapa mabomba uzito usiolingana na ukubwa wake. Masizi yaliyolegea mahali hewa inapokwenda kasi yanafika kila chumba. Tena si mabomba yote ni bati. Nyumba nyingi zina mabomba laini yanayojipinda, yaliyotengenezwa kwa plastiki nyembamba iliyozungushiwa waya. Kila mzunguko wa waya ni mfereji unaoshika masizi, na brashi ikipita kwa nguvu inaichana plastiki. Nyingine zina mabomba ya ubao wa faibaglasi, au ya bati lililowekwa sufi ya faibaglasi ndani ili kupunguza kelele. Sufi hiyo ikishanyonya moshi haioshiki. Mabomba laini ni bei nafuu. Yakichafuka kwa moto wa ndani, yatolewe yawekwe mapya. Fundi anayeng'ang'ania kuyasafisha kwa siku nzima anajilipa mwenyewe.

Sehemu yenye thamani kubwa zaidi ya kazi hii si mabomba hata kidogo. Ni mashine yenyewe. Fungua kasha la feni ya nyumba iliyoungua jikoni: gurudumu lina makumi ya mapezi madogo yaliyojikunja, na ndani ya kila pezi kuna ukoko mweusi wa mafuta uliogandana na vumbi la miaka. Mbele yake koili imeziba kiasi kwamba tochi haipenyi. Chini ya koili sinia la maji lina tope lenye harufu ya jivu lililolowa. Vitu hivi vitatu, yaani feni, koili na sinia, vikichomolewa na kuoshwa kwa sabuni ya kukata mafuta, nyumba inapumua tofauti siku hiyohiyo. Na ndivyo ambavyo kazi ya bei ya kutupa huviruka, kwa sababu kuvichomoa kunahitaji fundi anayejua umeme na gesi.

Kazi iliyofanywa sawasawa inajulikana kwa macho. Mafundi hutoboa bati karibu na mashine na kufunga bomba nene la kufyonza, ili mfumo mzima uwe unavutwa kuelekea upande mmoja na kisitoke kitu kuingia vyumbani. Hewa inayofyonzwa hutupwa nje au hupita kwenye chujio la daraja la HEPA, linalokamata asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3. Matundu ya vyumbani hufunikwa, kisha hufunguliwa moja moja huku brashi au mijeledi ya hewa iliyoshinikizwa ikipita ndani kulegeza uchafu. Mwishoni matundu yaliyotobolewa hufungwa kwa bati na kuzibwa yasivuje. Hiyo ni kazi ya saa nyingi. Anayekuja na mashine ya kufyonza ya kawaida, akaingiza mpira wake kwenye kila tundu kwa urefu wa mkono na kuondoka baada ya dakika arobaini, amesafisha urefu wa mkono.

Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilisema mapema kabisa, katika kijitabu chake cha 1997, kwamba haijathibitishwa kuwa kusafisha mabomba ya hewa huzuia maradhi, na kwamba si kazi ya kufanywa kwa ratiba bali pale panapohitajika. Bei iliyotajwa na shirika hilo ilikuwa kati ya dola 450 na 1,000 kwa mfumo mmoja. Moto ni moja ya hali ambazo hitaji lipo, ila lazima tutofautishe. Moto uliowaka ndani ya nyumba, au majivu yaliyoingia yakaonekana kwenye mabomba: safisha, na cha sufi badilisha. Moshi wa msitu uliopita kilomita nyingi mbali kwa siku mbili, mabomba ya bati yakiwa makavu na masafi kwa tochi: badilisha chujio, osha koili, elekeza nguvu kwenye kufuta nyumba.

Chama cha wasafishaji mabomba cha huko, NADCA, kina kipimo chake cha usafi: bati lifyonzwe kwa kifaa maalumu, na kinachopatikana kisizidi miligramu 0.75 kwa kila sentimita 100 za mraba. Ni kipimo kizuri cha vumbi. Hakisemi lolote kuhusu gesi iliyonyonywa na sufi, wala madini ya risasi, yenye sumu, yanayoweza kuwemo kwenye jivu. Fundi anaweza kukuonyesha karatasi halali ya kufaulu na nyumba ikaendelea kunuka, na wote wawili mkawa mnasema kweli.

Baada ya kusafisha huja mauzo ya dawa. Kuna ukungu wa kunyunyiza wenye manukato, ambao kazi yake ni kukupa harufu ya pili juu ya ya kwanza. Kuna rangi ya kuziba inayopulizwa ndani ya mabomba ili masizi yaliyobaki yasitoke. Juu ya bati lililokwisha kusafishwa inaweza kuwa na nafasi yake, juu ya masizi ni kufunika shimo kwa mkeka. Na kuna mashine ya ozoni. Wanaoipenda husema inaua harufu, na kwa kiasi fulani ni kweli kwamba ozoni huvunja baadhi ya kemikali zinazonuka. Inazivunja kuwa nini, hilo halisemwi: miongoni mwa mazao yake ni fomaldehaidi. Ozoni pia hudhuru mapafu na kukausha mipira ya kuzibia. California hairuhusu kuuzwa kwa vifaa vya nyumbani vya kusafisha hewa vinavyotoa ozoni kupita sehemu 0.05 kwa milioni. Mimi ningemwambia mwenye mashine hiyo asifike hata kibarazani.

Kwa chujio mambo ni mepesi zaidi. Lile jepesi la dukani linailinda feni tu. Chujio la daraja la MERV 13 hukamata angalau nusu ya chembe za kati ya mikromita 0.3 na 1 kila hewa inapopita, na kwa kuwa hewa inapita tena na tena, hiyo ni nyingi. Feni ya zamani inaweza kushindwa kuvuta kwenye chujio zito hivyo. Hapo hutumika boksi la kujitengenezea la mwaka 2020, lililobuniwa na Richard Corsi na Jim Rosenthal, la vichujio vinne au vitano vilivyofungwa kwa mkanda wa gundi na feni bapa ya mraba juu yake. Gesi haikamatwi na vichujio hivyo. Inahitaji mkaa amilifu, mwingi wa uzito, unaobadilishwa kabla haujashiba. Katika ile nyumba ya Superior, kifaa cha kujitengenezea chenye mkaa kilishusha kemikali kilipokuwa kikifanya kazi.

Suala la nani mwenye haki ya kusema nyumba imesafika lilipamba moto baada ya Januari 2025, mioto ya Palisades na Eaton ilipoteketeza zaidi ya majengo 16,000 Los Angeles na vitongoji vyake. Kilichoungua kule Altadena, kitongoji kilichokumbwa na moto wa Eaton, kwa sehemu kubwa kilikuwa nyumba za zamani, na rangi yenye risasi haikupigwa marufuku kwa matumizi ya nyumbani Marekani hadi 1978. François Tissot, mwanajiokemia wa chuo cha Caltech, alipima vumbi ndani ya nyumba zilizonusurika na kukuta risasi, nyingine kwa viwango vinavyopita mipaka ya serikali. Isitoshe, mabomba ya hewa ya nyumba za zamani mara nyingi yamefungwa viungo vyake kwa mkanda mweupe wa asbesto. Brashi ikiingizwa mle bila kupima, usafi unazaa hatari ambayo moto haukuileta.

Kampuni za bima zilikuwa na msimamo wao. Mpango wa FAIR wa California, bima ya mwisho kwa waliokataliwa kwingine, ulitaka madhara ya moshi yaonekane kwa macho matupu au yanukike kwa pua ya mtu wa kawaida. Juni 2025 mahakama ya Los Angeles ikaamua kwamba masharti hayo yanakwenda kinyume na sheria ya bima ya jimbo. Uamuzi huo naukubali, kwa sababu risasi haina harufu, na pua ya mtu aliyekaa ndani ya moshi wiki tatu imeshazoea. Mpangaji au mwenye nyumba aliyeko huko, na Waswahili wa Denver, Minneapolis na Houston ni wengi, anafanya vyema kudai sampuli za kufuta zipelekwe maabara kabla ya kusaini kuwa kazi imekwisha.

Kwetu pwani, na kwa ndugu walioko Ghuba, mashine ni nyingine. Kiyoyozi cha ukutani hakina mabomba ya hewa. Kinavuta hewa ya chumba kwa juu, kinaipitisha kwenye wavu na koili, na feni ndefu ya mviringo inaitema chini. Wavu wake ni wa kuzuia nyuzi na vumbi nene, moshi unaupita kama haupo. Sevisi ya kawaida, ile ya kufunga mfuko wa nailoni chini na kupiga maji kwenye koili, haitoshi baada ya moto: feni ya mviringo ichomolewe na sinia lisafishwe pamoja na bomba lake, la sivyo masizi na maji yatatengeneza tope litakaloziba njia na kuanza kutiririka ukutani. Fomu nyeupe iliyo ndani ya kasha ikiwa imeshika harufu, hakuna sabuni itakayoitoa. Na fundi akikwambia moshi umeharibu gesi ya kupozea kwa hiyo lazima ijazwe upya, muulize uliingilia wapi. Gesi inazunguka ndani ya kopa iliyozibwa pande zote. Kopa inaweza kuja kutoboka baadaye kwa asidi, na hilo litaonekana kwa kipimo cha presha, halihitaji kubahatishwa.

Maghorofa ya Dubai na Maskati yana mtindo wa tatu. Kipozeo kimefichwa juu ya dari ya jipsamu, na katika majengo mengi hewa inayorudi haina bomba; inapita wazi katika uwazi ulio kati ya dari na zege. Moshi ukishaingia humo, masizi hulala juu ya ubao wa dari, juu ya nyaya, juu ya sufi ya mabomba ya maji baridi, na kila kipozeo kinapowaka kinavuta hewa juu ya tabaka hilo. Chumba kitapakwa rangi mpya, zulia litatupwa, koili itaoshwa, na harufu itashuka tena kutoka juu mara tu mashine itakapowashwa. Wapangaji wengi hulipia usafi mara mbili au tatu kabla mtu hajafungua kijimlango cha dari na kumulika ndani. Ndani ya nyumba kama hizo, ubao wa jipsamu uliolaliwa na masizi upande wa juu hung'olewa, uwazi ukafyonzwa na kufutwa, sufi ikabadilishwa, kisha ndipo fundi AC anapoitwa.